Breki za Pikapu: Namna ya Kuchagua Pedi na Diski Mpya



Katika mkutano wetu uliopita wanachama kadha wa kadha walituuliza kwa nini Chama kimetumia fedha nyingi kununua pedi na diski mpya za breki za pikapu yetu, hali pedi zilizokuwamo zilikuwa hazijatimiza hata miezi mitano. Swali hili ni la haki, kwani gari ni ya wanachama na fedha ni za wanachama. Tuliahidi kulijibu katika jarida letu, na leo twatimiza ahadi. Tena twajua kwamba wengi wenu mna pikapu zenu wenyewe za kuchukulia karafuu na watu. Basi jibu letu tumelipanua ili limfae kila mwenye gari.

YALIYOTUPATA SAME

Mwezi wa Julai 2023 Kamati ilituma watu watatu kwenda bara, Katibu akiwa mmoja wao. Safari yetu ilikuwa ya wilaya ya Same, mkoa wa Kilimanjaro, kutazama jinsi wakulima wa Upare walimavyo tangawizi, na kununua mbegu kwa kibali ili tuijaribu chini ya mikarafuu yetu. Tulivuka na gari kwa meli mpaka Tanga, tukashika njia ya Segera, Korogwe, Mombo, Mkomazi, Hedaru na Makanya mpaka Same.

Mji wa Same uko uwandani, lakini tangawizi haiko uwandani. Iko juu, katika Milima ya Upare ya Kusini, upande wa Mamba Miamba. Kilele cha milima hiyo, Shengena, kinafika kiasi cha mita 2,460 juu ya bahari. Mwanachama asiyepata kutoka Pemba na akumbuke kwamba kisiwani kwetu hakuna kilima kinachofika hata mita 150. Tulipanda kwa njia ya Mwembe na Mbaga, kona juu ya kona, bonde upande mmoja na ukuta wa mlima upande wa pili. Kupanda kulikuwa kwa taabu lakini salama. Tukapokewa vizuri, tukaonyeshwa mashamba, tukapakia magunia tisa.

Mambo yaliharibika wakati wa kushuka. Dereva wetu, kama tulivyozoea sote huku kisiwani, aliiacha gari katika gia ya tatu akaweka mguu juu ya breki. Baada ya muda tukasikia harufu ya kitu kinachoungua. Kisha pedeli ikawa laini, na baadaye ikawa kama kukanyaga sifongo. Mwisho ikafika chini kabisa na gari haikupunguza mwendo hata kidogo. Dereva, Mungu amjaze kheri, hakupotewa na akili. Alishindilia gia ya pili, kisha ya kwanza, akavuta breki ya mkono, akaiegemeza gari kwenye ukuta wa mlima mpaka ikasimama. Ubavu wa gari ulikwaruzika na taa moja ilivunjika. Watu wote tulikuwa wazima, alhamdulillahi. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi.

Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Mzee mmoja wa Kipare aliyekuwa akipita na mzigo wake wa majani alisimama akatutazama, akauliza, “Wanangu, mlipanda kwa gia gani?” Tukamjibu, “Ya pili, mzee.” Akasema, “Basi na kushuka ni ya pili hiyo hiyo,” akatuaga akaenda zake.

Tulipofika Same polepole, fundi aliyafungua magurudumu akatuonyesha makosa matatu: pedi zisizofaa, diski zilizokwisha, na mafuta ya breki yaliyochakaa. Hapa twataka kusema kweli mbele ya wanachama: yote matatu yalikuwa makosa yetu. Tulipobadilisha pedi miezi mitano nyuma, sisi ndio tuliochagua za bei ya chini kabisa. Sisi ndio tuliosema diski zitafaa mwaka mmoja zaidi, na mafuta hatukuyafikiria kabisa.

BREKI KAZI YAKE NINI

Watu wengi hudhani kwamba breki huumeza mwendo wa gari ukatoweka. Mwendo hautoweki, hugeuka joto. Katika gurudumu la mbele mna sahani ya chuma cha kusubu izungukayo pamoja na gurudumu, nayo ndiyo diski. Pembeni yake mna kalipa, ambayo hushika pedi mbili, moja huku na moja huku. Dereva akikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi, na pedi huibana diski. Msuguano huo hutoa joto, na joto hupotea hewani. Mpango huu si wa jana. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa breki za namna hii mwaka 1902, na mwaka 1953 gari za Jaguar zenye breki za diski zilishinda mashindano ya Le Mans huko Ufaransa. Tangu hapo zikaenea duniani.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme pikapu pamoja na mzigo wake ni kilo 2,500, nayo yaenda kilomita 80 kwa saa barabara ya tambarare. Dereva akiisimamisha, joto litokalo latosha kuchemsha maji kiasi cha lita mbili, kuanzia maji ya mtungini. Hiyo ni birika moja tu. Lakini gari hiyo hiyo ikishuka mlima wa kimo cha mita 1,000 kwa mwendo usiozidi, joto lote litokalo latosha kuchemsha lita 78, yaani karibu madebe manne. Ni sawa na kusimama ghafla mara arubaini mfululizo. Sehemu ya joto hilo huchukuliwa na upepo, matairi na injini. Dereva akiiacha injini isimsaidie, karibu lote huangukia diski na pedi.

Hapa ndipo ilipo siri ya mambo yote. Vilima vyetu vya Pemba ni vifupi. Breki hupata moto kidogo, kisha hupoa kabla ya kilima cha pili. Kwa hivyo pedi mbovu yaweza kukaa kisiwani muda mrefu na mwenyewe akaisifu kwamba ni nzuri na rahisi. Aibu yake haionekani mpaka siku ya mzigo mkubwa na mteremko mrefu, na siku hiyo si siku ya kujifunza. Basi kanuni yetu ni hii: chagua breki kwa mzigo mzito kabisa na mteremko mrefu kabisa ambao gari yako itaupata, wala usichague kwa njia ya kila siku.

KUCHAGUA PEDI

Pedi si chuma kitupu. Ni mchanganyiko wa vitu vingi ulioshikwa kwa gundi ya kiwandani na kubandikwa juu ya bamba la chuma. Ziko namna tatu zilizo maarufu.

Ya kwanza ni pedi laini, zilizofanywa kwa nyuzi, mpira na gundi bila ya chuma kingi. Hazipigi kelele, haziili diski sana, na bei yake ni ndogo. Lakini zikipata moto mwingi msuguano wake hupungua, na hizo ndizo tulizokwenda nazo Upare. Zafaa gari ndogo ya mjini.

Ya pili ni pedi zenye chuma, ambazo kiasi cha theluthi moja mpaka theluthi mbili ya uzito wake ni chuma. Hizi hustahimili joto na mzigo. Ubaya wake ni kwamba huweza kulia asubuhi zikiwa baridi, hutoa vumbi jeusi, na huila diski upesi zaidi. Kwa pikapu ya mizigo twaona hizi ndizo bora.

Ya tatu ni pedi za namna ya kauri. Ni kimya, hazina vumbi jingi, na hudumu. Bei yake ni kubwa, nazo hupendwa zaidi kwa gari za abiria. Mwenye pikapu asizinunue mpaka kiwanda chake kiwe kimesema wazi kwamba ni za kazi nzito.

Mnunuzi na aitazame pedi yenyewe mgongoni, wala asiridhike na karatasi ya boksi. Pedi nyingi za kweli hupigwa chapa ya herufi mbili pamoja, kama EE, FF au FE. Herufi ya kwanza yaonyesha nguvu ya msuguano katika joto la kawaida, na ya pili yaonyesha nguvu hiyo pedi ikiwa moto sana. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Basi pedi ya FE ni pedi ambayo nguvu yake hushuka ikipata moto, na ya FF ni ile isiyoondoka katika daraja yake. Kwa mzigo wa milimani tafuta FF. Lakini jueni kwamba herufi hizi hazielezi kila kitu. Hazisemi pedi itadumu muda gani, wala hazithibitishi uimara wake.

Alama nyingine ni herufi E ndani ya duara pamoja na nambari, na karibu yake 90R. Maana yake pedi imepimwa kwa sheria ya kimataifa nambari 90, ambayo yataka pedi ya badala isipitane na ile ya asili kwa zaidi ya asilimia 15 katika kazi yake. Nambari iliyo duarani ni ya nchi iliyotoa kibali: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 9 ni Hispania. Pedi tulizotolewa Same hazikuwa na alama yoyote mgongoni. Boksi lake lilikuwa zuri sana.

KUCHAGUA DISKI

Wengi hubadilisha pedi wakasahau diski. Diski ndiyo ghala ya joto. Ikiwa nene, hupokea joto jingi kabla ya kupata moto wa hatari. Ikiliwa ikawa nyembamba, joto lile lile huipandisha moto upesi, nayo huweza kupinda au kupasuka.

Kwa sababu hiyo karibu kila diski imeandikwa ukingoni au kitovuni maneno MIN TH na nambari ya milimita. Huo ndio unene wa mwisho. Ikiwa imeandikwa 26, na kipimo chaonyesha 25.5, diski hiyo imekufa hata kama yang'aa. Pimeni kwa venia au maikromita mahali si pungufu ya sita kuizunguka diski, wala msipime ukingoni kabisa, kwani pedi hazifiki hapo na chuma hubaki nene. Diski zetu zilikuwa chini ya kiasi, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kuchongwa mara mbili kwenye mashine. Kuchonga si haramu, lakini diski ikiwa haitabakia juu ya nambari ile baada ya kuchongwa, ni heri kununua mpya.

Mbali na unene, tazameni rangi na uso. Mabaka ya buluu ni dalili ya moto uliopita kiasi. Nyufa nyembamba kama unywele zataka kutazamwa na fundi, na ufa unaofika ukingoni ni amri ya kutupa. Usukani ukitetema wakati wa kukanyaga, mara nyingi ni kwa sababu diski haina unene ulio sawa kote.

Diski za mbele za pikapu kwa kawaida ni za pande mbili zenye mifereji ya hewa katikati. Msikubali kupewa ya bamba moja badala ya hiyo, hata kama bolti zaingia. Ziko tena diski zilizotobolewa matundu usoni, ambazo vijana huzipenda kwa sura. Kwa gari ya mizigo hatuzishauri, kwa sababu nyufa huanzia kwenye matundu hayo. Diski ya kawaida, nzito, ya chuma kizuri, ndiyo ifaayo.

Kadhalika, pedi na diski hubadilishwa kwa jozi, kulia na kushoto pamoja. Anayebadilisha upande mmoja ataiona gari yake ikivutwa upande mmoja siku ya kukanyaga kwa nguvu.

MAFUTA YA BREKI, NA MAGURUDUMU YA NYUMA

Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na hewa ya kisiwani kwetu ina unyevu mwingi. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi za joto si chini ya 205, lakini yakishanywa maji huweza kuchemka kwa 140. Ya DOT 4 ni 230 yakiwa mapya, na 155 yakiwa yamenywa maji. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na mvuke hubonyea. Pedeli hufika chini bila ya kusukuma kitu. Hayo ndiyo yaliyotupata njia ya Mbaga, na ndiyo sababu pedeli ilirudi baada ya kupoa. Mafuta yetu yalikuwa meusi kama chai ya mkandaa. Yabadilisheni kila miaka miwili, kwa namna iliyoandikwa kwenye kifuniko cha gari yenu. DOT 5 ni kitu kingine kabisa, msiichanganye na hizo.

Pikapu nyingi zina drami na viatu vya breki nyuma. Hizo nazo zifunguliwe na kutazamwa siku hiyo hiyo. Viatu vikiwa vimekwisha, kazi yote huwa juu ya diski za mbele.

KUNUNUA NA KUFUNGA

Jina la gari halitoshi dukani. Pikapu za jina moja, kama vile Toyota Hilux, zina diski mbali mbali kwa mwaka, kwa injini, na kwa kuwa za magurudumu mawili au manne yavutayo. Nendeni na nambari ya chasisi, na kama yawezekana na pedi ya zamani mkononi. Dai risiti yenye jina la kitu na nambari yake. Bidhaa ikiwa na shaka, pelekeni habari kwa Taasisi ya Viwango Zanzibar, na kwa bara Shirika la Viwango Tanzania.

Wakati wa kufunga, yafaa mwenyewe awepo, ahakikishe mambo haya:

1. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo wala kwa hewa ya pampu. Pedi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huleta maradhi mabaya ya mapafu. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kilicholoweshwa.

2. Diski mpya hupakwa mafuta kiwandani ili isipate kutu. Yaondolewe yote kabla ya kufunga, na asiishike mtu uso wake kwa mikono ya grisi.

3. Pini za kalipa zitolewe, zisafishwe, zitiwe grisi yake maalumu. Chumvi ya bahari huzigandisha, na pedi moja huisha hali mwenziwe nzima.

4. Kitovu ambapo diski hukalia kisuguliwe kutu, na nati za gurudumu zikazwe kwa kupishana, si kwa kuzunguka.

5. Kabla ya gari kuondoka, pedeli ikanyagwe mara kadha mpaka iwe ngumu.

Kisha breki mpya hufundishwa. Katika njia tupu, nendeni kilomita 50 kwa saa, mpunguze taratibu mpaka 15 bila ya kusimama kabisa, halafu mwache ipoe kidogo. Fanyeni hivyo mara ishirini au thelathini. Mzigo mzito usipakiwe siku hiyo. Baadaye pedi zitazamwe kila mwezi, na zikibakia milimita 3 zibadilishwe.

Lakini hata breki bora haimwondolei dereva wajibu. Kushuka ni kwa gia ya kupandia, kama alivyosema mzee wa Upare. Breki ikanyagwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha iachwe, wala mguu usikalie pedeli njia nzima.

NENO LA MWISHO

Basi fedha za Chama zilinunua diski mbili, pedi za FF zenye alama, na mafuta mapya ya DOT 4. Makwaruzo ya ubavuni hatukuyapaka rangi. Tumeyaacha makusudi, ili kila apandaye ayaone. Kamati imeamua tangu sasa pawe na daftari ndani ya gari, ambamo fundi ataandika tarehe, unene wa diski, unene wa pedi, na mwaka wa mafuta. Mwanachama yeyote ana haki ya kulifungua na kuuliza.

Msimu wa karafuu ukija, pikapu zetu zitabeba magunia, na juu ya magunia watakaa wachumaji, na mara nyingi na watoto. Tuliyazoea hayo, lakini kuyazoea hakuyafanyi kuwa salama. Twawaomba wenye gari wasipakie watu juu ya mzigo. Watu husema ajali haina kinga. Yetu ilikuwa na kinga, nayo ilikuwa dukani siku ile, rafu ya pili, na sisi tuliinyosha mikono tukachukua ya rafu ya kwanza kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi. Wazee wamesema, tahadhari kabla ya athari. Sisi tulipata athari kidogo kwa rehema ya Mungu, na sasa twawapeni tahadhari bure.

Wabillahi taufiq.

Katibu wa Chama